Mbwa Mzee na Mwanga wa Tochi

Tangazo lilisomwa Jumatatu asubuhi kwenye kioski cha maji, nje kidogo ya Maungu. Mwenyekiti wa kamati ya maji alilisoma akiwa amesimama juu ya kreti ya soda.

"Wananchi wote mnaarifiwa kwamba, kuanzia leo, ni marufuku kwa mbwa yeyote kulala katika kivuli cha kioski hiki. Kivuli hiki ni cha wateja. Mwenye mbwa atawajibika. Asanteni kwa ushirikiano wenu."

Mbwa aliyekuwa amelala pale alikuwa mmoja tu. Alikuwa wa rangi ya kahawia, mwenye manyoya meupe kuzunguka mdomo, na jina lake Bosko. Hakuamka. Watu wote walimgeukia mwenye mbwa, Gilbert.

"Bosko!" Gilbert aliita. Mbwa hakusikia. Gilbert akamsukuma kwa mguu, wakaondoka.

Njiani alitafakari. Tangazo linalomhusu mbwa mmoja, aliamini, halikuandikwa kwa ajili ya mbwa. Kuna mtu aliyelalamika. Alimfikiria jirani yake Wayua, ambaye shamba lake la ndengu lilipakana na lake. Wayua hakuwa amesema neno pale kioskini. Kwa Gilbert, huo ulikuwa ushahidi.

Shida ya Bosko haikuwa kivuli. Shida yake ilikuwa ndovu. Kila kiangazi ndovu hutoka upande wa mbuga wakitafuta maji na chakula. Juma lililopita, jua likizama, Bosko alimkimbilia ndovu mmoja shambani na kumbwekea. Ndovu aligeuka, akamfukuza. Bosko naye alikimbilia mahali alipopaamini, yaani miguuni pa Margaret, mke wa Gilbert, aliyekuwa akiosha vyombo uani. Margaret aliwahi kuingia ndani, sufuria ingali mkononi. Ndovu alibomoa jiko la nje, kisha akaenda zake.

Tangu siku hiyo Margaret alikuwa na msimamo mmoja.

"Baba Wendy," alisema, "mwisho wa mwezi daktari wa mifugo anakuja kuchanja mbuzi. Nitamwomba amdunge na huyu."

"Amdunge chanjo?"

"Unanielewa vizuri."

Gilbert alimwelewa. Alijua pia kwamba mke wake alikuwa na haki. Lakini Bosko alikuwa amelinda boma hilo tangu Wendy, binti yao, akiwa darasa la kwanza. Sasa Wendy alikuwa mwalimu kule Voi.

Alasiri hiyohiyo Wayua alikuja. Mkononi alishika kikaratasi kilichokunjwa.

"Hodi, Baba Wendy."

"Karibu, Mama Musyimi. Umebeba nini?"

"Omena. Za mbwa wako."

Gilbert alisimama. Mbwa wake wa kwanza alikufa kwa kipande cha nyama kilichorushwa juu ya ua. Tangu hapo aliwafundisha mbwa wake wasile kitu kutoka mkono wa mtu. Chakula cha Bosko huwekwa chini, kwenye sahani yake ya bati, na mwenye boma peke yake.

"Kula wewe kwanza," alisema.

Wayua alichukua kisamaki kimoja kikavu, akakitafuna, akameza. Gilbert alimtazama kooni.

"Hazina chumvi," Wayua alisema hatimaye. "Ungependa nife kabla hatujaanza, au tuanze?"

"Tuanze nini?"

"Kumfundisha Bosko kurudi anapoitwa."

"Mbwa mzee hafundishiki. Na wewe unafaidika nini?"

"Ndovu akimfukuza mbwa wako, anapita katikati ya ndengu zangu."

Hapo Gilbert alipata nafuu kidogo. Wema mtupu ulimtia shaka, lakini mtu mwenye sababu yake anaeleweka. Alijua pia kwamba zamani Wayua alifanya kazi katika ranchi moja, akiwatunza mbwa wanaofuata nyayo za wezi wa mifugo. Akamvutia kigoda.

"Huwa unamwita mbwa huyu kwa nini?" Wayua aliuliza.

"Nimfunge mnyororo."

"Na akija?"

"Anafungwa."

"Na akichelewa?"

"Anapata fimbo."

"Basi kutokuja ni akili. Mimi pia nisingekuja."

Margaret alicheka kutoka ndani. Gilbert hakucheka.

"Na akirudi kutoka kuwabwekea ndovu, anapata nini?" Wayua aliuliza.

Gilbert alisita. "Ukoko wa ugali. Ni mlinzi."

"Kwa hiyo anafundishika," Wayua alisema. "Umemfundisha kwamba kumfuata ndovu kuna ugali, na kukufuata wewe kuna fimbo. Amefaulu mtihani wako."

Kisha Wayua alisimama nyuma ya Bosko na kutikisa funguo. Bosko hakugeuka. Akapiga makofi. Bosko hakugeuka. Akaangusha kifuniko cha sufuria, na sikio moja likatikisika.

"Si kichwa kigumu," alisema. "Masikio yamechoka. Mmekuwa mkimpiga kwa kutosikia."

Gilbert alilipinga jambo hilo. Alizunguka nyuma ya mbwa na kurudia yote mwenyewe, funguo, makofi, kifuniko. Matokeo yalikuwa yaleyale. Alirudi kuketi, akautazama mkono wake kwa muda.

"Asiyesikia huitwaje?" aliuliza.

"Kwa macho. Leta tochi."

Somo lilikuwa jepesi. Wayua aliweka omena mmoja chini, akamulika palepale. Bosko alimtazama Gilbert. Hakula.

"Unaona? Hali chakula cha mtu mwingine," Gilbert alisema, na sauti yake ilikuwa na fahari.

"Basi muoneshe sahani yake."

Gilbert aliileta sahani ya bati, akaweka omena ndani, akaimulika. Bosko alikuja, akala. Wayua alimwambia ampapase kifuani, kwa kuwa sifa za mdomo hazingemfikia. Wakarudia mara chache, kisha Wayua akasimamisha somo.

"Mbona mapema hivyo?"

"Acha akiwa bado anataka. Mbwa mzee huchoka haraka, na viungo humuuma. Somo liwe fupi, lirudiwe kila siku. Mfunge kamba ndefu asikuponyoke. Baadaye umwite kutoka mbali zaidi, kisha mahali pengine. Fimbo, hapana. Na ukiwasha tochi, usimdanganye hata siku moja. Mwanga ni lazima uwe na chakula."

"Na ndovu?"

"Usimfuate ndovu, wala usimmulike usoni. Jua likishuka, mbwa aingie ndani. Ndovu akiwa karibu, nyote muingie, mnyamaze, na muwapigie simu askari wa wanyamapori. Kumfukuza si kazi ya mbwa. Wala si kazi yako."

Gilbert alifuata maagizo hayo huku akisubiri yashindwe. Kila jioni alilitazama jua, akawasha tochi kwenye sahani. Siku za kwanza Bosko alikuja akiburuta miguu, mkia umefichwa, kwa kuwa alitarajia mnyororo. Baadaye alikuja akitembea. Kisha akaanza kuja kabla tochi haijawaka, na Margaret akasema mbwa huyo sasa anaijua saa kuliko mume wake.

Mwezi ulipokaribia kuisha, kamba ikiwa imeshaondolewa, ndovu alirudi mapema. Jua lilikuwa bado juu ya mlima Sagalla. Alisimama kwenye kona ya shamba, mweusi, akipepea masikio. Bosko alimwona. Manyoya ya mgongoni yalisimama.

Margaret alikuwa mlangoni. "Baba Wendy," alisema polepole, "mbwa wako."

Gilbert alitaka kupiga kelele. Akakumbuka kwamba kelele ni bure. Aliweka sahani mlangoni na kuimulika.

Bosko alimtazama ndovu. Akageuza kichwa. Akauona mwanga. Akamtazama ndovu tena, na Gilbert alikumbuka kila fimbo aliyompiga.

Kisha Bosko akageuka, akaja. Hakubweka. Waliingia wote, mlango ukafungwa, na Margaret akapiga simu. Ndovu alikula maboga mawili, akaondoka kwa njia aliyojia. Ndengu za Wayua hazikuguswa.

Margaret aliinama, akaweka kipande cha samaki wake mwenyewe ndani ya sahani ya bati. "Daktari achanje mbuzi tu," alisema.

Habari zilienea. Kwenye baraza lililofuata, naibu wa chifu alimwita Gilbert aeleze. Gilbert alieleza kuhusu fimbo, masikio, omena na tochi. Wayua aliongeza kwamba mbwa yeyote wa kijiji anaweza kufundishwa hivyo, na kwamba angewasaidia wenye mbwa bila malipo. Watu walimtazama kama Gilbert alivyomtazama siku ile ya kwanza. Mmoja aliuliza omena hizo zinatoka wapi.

Naibu wa chifu aliwashukuru wote wawili. Akashauriana na kamati kwa kunong'ona. Kisha akasimama na kutoa uamuzi.

"Kwa kuzingatia usalama wa wananchi, imeamuliwa kwamba, kuanzia Jumatatu ijayo, ni marufuku kwa mbwa yeyote kuwabwekea ndovu baada ya saa kumi na mbili jioni. Bango lenye amri hii litasimikwa kando ya kioski cha maji, ambapo mbwa wote wataweza kuliona."