Aliyewafuata kutoka Bonde la Mto

Maji yalipotua kwenye mawe, kitu kililia. Hakikulia kwa nguvu. Kilitoa mlio mwembamba, wa mara moja, kama wa mtoto wa paka aliyekanyagwa mkia, halafu mto ukaendelea kupita chini ya genge kama kawaida. Bi Ghalia alishusha chupa ya maji moto aliyokuwa akiimwaga, akachungulia upande wa pili wa ukuta. Aliona mvuke tu, ukipanda kwenye jiwe pana lililoota ukoga.

"Mama, hukupiga bismillahi," alisema Alyaa, mke wa mwanawe. "Na maji yenyewe ya moto."

"Hapa Ufaransa, mwanangu!" Bi Ghalia akacheka. "Niwaombe radhi wenyewe gani? Majini wa huku nao watakuwa wamekwenda likizo."

Na aliyesema hayo ni yule yule ambaye nyumbani kwake Ibra, Oman, hapakuwa na mtu wa kuthubutu kumwaga maji ya moto shimoni bila ya kusema kwanza, "Bismillahi, tupisheni." Aliwahi kumfukuza kazi mpishi kwa kosa hilo. Lakini safari humlegeza mtu, na Bi Ghalia alikuwa amelegea vizuri.

Walikuwa wamelikimbia joto la Julai: yeye, mwanawe Harub, Alyaa, na mjukuu wake wa pekee, Hud, mwenye miaka sita. Walikodi gari wakawa wanafuata mto Dordogne, kijiji kwa kijiji, na nyuma ya gari wamepakia sufuria ya wali, tende, na chupa mbili, ya kahawa na ya maji moto, kwani Bi Ghalia hakuiamini chai ya watu. Vijiji vilikuwa vya zama za kale, nyumba za mawe ya manjano zilizoganda kwenye majabali, vichochoro vya kupita punda mmoja, na chini kabisa mto wa kijani wenye miti ya mijozi kila upande. Harub alisoma vibao akawafasiria ni mwaka gani ngome ilijengwa na nani aliizingira. Bi Ghalia alitazama akafikiri juu ya majumba ya Ibra ya kale yanayoporomoka nyuma ya msikiti. "Kumbe na wao wana magofu kama yetu," alisema. "Ila ya kwao wameyatia maua."

Jioni ile, garini, Harub alifungua madirisha yote.

"Wallahi, harufu gani hii? Nani kaingia na viatu vya tope?"

Hapana aliyekuwa na tope. Harufu ilikuwa ya jiwe bichi na majani yaliyooza majini, na ilitoka chini ya kiti cha Bi Ghalia. Hud alikuwa amelala, ameegemea begani kwa bibi yake, na alilala hivyo hivyo mpaka hotelini, na kesho yake akalala tena, mpaka siku ya ndege.

Lazima niseme jambo moja juu ya Bi Ghalia, la sivyo mtamhukumu haraka. Alizaliwa Unguja mjini, akaja Oman akiwa msichana. Dada zake wote wamekwisha kufa. Kiswahili chake kilikuwa hakina tena wa kukipokea: Harub alijibu nusu kwa Kiarabu, Alyaa, ambaye wazee wake walitoka Mwanza, alikichanganya na Kiingereza, na Hud alijua "maji" na "bibi" na "lala", basi. Miaka yote hiyo Bi Ghalia alimbembeleza mtoto yule, akamnunulia na peremende, ajifunze. Mtoto alikula peremende akajibu kwa Kiarabu.

Sasa walikuwa wamerudi Ibra. Baada ya adhuhuri mji wote huwa umelala. Jua limesimama, barabara nyeupe, viyoyozi vinanguruma. Bi Ghalia alikuwa amejinyoosha kitandani mlango ulipofunguliwa polepole.

"Shikamoo, Bibi. Umelala?"

"Marahaba, mwanangu," alijibu kabla hajafikiri. Halafu akakaa kitako.

Hud alipanda kitandani, akakunja miguu. Akauliza habari za Unguja. Akauliza baraza ya kwao ilielekea wapi, na nani alikuwa akiuza vileja pale pembeni, na alisema kwa Kiswahili kilichonyooka, cha mtoto aliyelelewa Malindi ya Unguja na mama mkali. Bi Ghalia alimkumbatia akalia. Alidhani ni zile peremende, zimechelewa kufanya kazi.

"Usiwaambie Baba na Mama," Hud alisema. "Iwe yetu mimi na wewe."

Naye hakuwaambia. Alikuwa na furaha asiyokuwa nayo tangu mumewe alipokufa, na mtu mwenye furaha ya namna ile hapendi kuulizwa maswali. Kila baada ya adhuhuri alioga, akajitia udi, akamsubiri mjukuu wake aje kuzungumza.

Aliyaona mengine, kwa sababu hakuwa kipofu. Aliona kuwa mikono ya Hud ni ya baridi katika joto la kupasua mawe. Aliona kuwa akiwa mezani na wazazi wake mtoto hasemi ila Kiarabu, tena kidogo, na chakula cha moto hakigusi mpaka kipoe kabisa. Kiyoyozi cha chumbani kwa Bi Ghalia kilianza kudondosha maji, na fundi alipokifungua alitoa jani la mjozi, bichi, akalitazama na kulitupa. Kila alipoondoka Hud, shuka lilibaki na unyevu na ile harufu ya mto. Bi Ghalia alilibadilisha mwenyewe, akalifua mwenyewe, mfanyakazi asijue.

Siku moja Hud alikuja akakaa mbali kidogo, kwenye pembe ya kitanda.

"Bibi, mtoto akiungua maji ya moto mgongoni, mama yake humpaka nini?"

"Asali, baba, na ute wa yai."

"Na asipopona?"

"Atapona, inshallah."

"Na akiwa hakupona, Bibi? Mama yake akimwita, na yeye haitiki. Mama yake afanye nini?"

Kiyoyozi kilinguruma. Bi Ghalia alijivutia shuka kifuani, kwa sababu alikuwa amesikia nyuma ya maneno yale mlio mwembamba wa mara moja, akaukumbuka ukuta, na mvuke, na kicheko chake mwenyewe, na alipomtazama mjukuu wake alimwona anamtazama kama mtu mzima anavyomtazama mtu mzima mwenzake aliyemkosea, bila ya haraka, akisubiri jibu, na maji yakawa yanasikika yakipita ndani ya ukuta wa nyumba ambayo maili nyingi kila upande wake hapana mto.

"Sijui," alisema kwa sauti ya chini.

"Utajua," alisema Hud, akatoka.

Hapo ndipo ilipompasa kuwaambia wazazi wa mtoto. Hakusema. Aliogopa, na nyuma ya hofu kulikuwa na jambo baya zaidi: kesho yake, saa ya mapumziko, alijikuta ameoga na kujitia udi, anatazama mlango.

Wiki hiyo hiyo mgongo wa Hud uliota malengelenge. Yalianza mabegani, yakashuka, makubwa, yamejaa maji, kama ya mtu aliyemwagiwa birika. Hospitali waliuliza maswali mengi, na daktari akamtazama Alyaa kwa jicho ambalo Alyaa hatalisahau. Dawa walizopewa zilikauka juu ya ngozi bila ya kusaidia, na homa ikawa haishuki.

"Mama, hii ni siriasi," Alyaa alilia jikoni. "Dakta anasema kuungua, na moto hakuna! Mwanangu anaungua na nini?"

Bi Ghalia alishika ukingo wa meza. "Na maji yangu," alisema, na akawaambia yote, Harub amesimama mlangoni. Harub hakumpigia mama yake kelele. Alichukua funguo za gari.

Mwalimu Hamdun alikuwa Mpemba, mtu mfupi wa hasira za karibu, aliyeuza matairi katika mji wa Al Qabil mpaka alipochoka na sasa alikuwa na mitende yake na vitabu vyake vya kuwasomea waliopandwa na majini. Waliwasili kwake asubuhi. Alimlaza Hud kifudifudi kwenye mkeka, akafukiza ubani, akasoma kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa Kiarabu ni nani yumo. Akauliza tena kwa Kiswahili.

"Ni mama wa mtu," Hud alisema. Sauti ilikuwa yake, ya mtoto, na ndiyo iliyomfanya Alyaa azibe masikio. "Wangu alikuwa amelala juani juu ya jiwe. Tumekaa pale tangu ukuta ule haujajengwa. Wamepita wenye panga na wenye kamera, hapana aliyetumwagia moto. Kaja huyu."

"Hakumwona," alisema Mwalimu Hamdun.

"Aliambiwa, akacheka. Nimeisikiliza lugha yake chini ya kiti cha gari, na ndani ya ndege, na chini ya kitanda chake. Nimejifunza, ili nikimwambia aelewe."

"Unataka nini? Sema ukipate uende zako."

"Nataka amwone wake akitoka ngozi."

Bi Ghalia alianguka magotini. "Nichukue mimi! Mimi ndiye niliyemwaga. Muachie mtoto."

"Wewe mzee. Ukifa utapumzika," alisema Hud, uso umelala kwenye mkeka. "Mimi nipumzike wapi?"

Mwalimu Hamdun alimshika Bi Ghalia mkono akamvuta mpaka ukumbini.

"Alipokusemesha, ulimjibu?"

"Nilimjibu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na ulipokwisha mjua?"

Bi Ghalia alitazama chini. "Nilikuwa peke yangu, Mwalimu," alisema.

"Subhanallah! Umemfungulia, umemkalisha kitandani, umempa na mazungumzo, halafu unaniletea mimi nimtoe!" Alifuta jasho, akashusha sauti. "Sikiliza. Hana pa kushika ila hapo. Anakuita, unaitika. Nitasoma, naye atakuita. Usiitike. Hata akikuita kwa sauti gani. Ukisema neno moja, mzike mjukuu wako."

Walirudi ndani. Alyaa alishika miguu ya mtoto, Harub mabega. Mwalimu alianza kusoma, maji yakasikika tena yakipita ukutani, na Hud akaanza kuita. Kwanza aliita kwa adabu, Bibi, Bibi, kama anayeomba maji. Kisha kwa kulia, Bibi naungua, Bibi mgongo, niondoshe hapa Bibi, na malengelenge yakawa yanapasuka mbele ya macho yao na mkeka unalowa, na harufu ya mto ikajaa chumba mpaka Harub akakohoa. Kisha ikawa sauti ya dada yake mkubwa, aliyemzika mwenyewe, ikimwita kwa jina la utotoni ambalo hapana aliye hai analijua, ikimuuliza mbona hunijibu, tumekukosa nini. Na Bi Ghalia, aliyefundishwa tangu hajaota meno kwamba mkubwa akikuita huitiki ila "labeka", alijitia ncha ya ushungi kinywani akaiuma, "labeka" ikapanda kooni akaimeza, ikapanda tena akaimeza, machozi yakimwagika, mpaka ushungi ukawa na damu.

Halafu maji yaliyokuwa yakipita ukutani yakakatika. Hud aligeuza kichwa, akamtazama bibi yake.

"Basi," alisema. "Mtoto nakuachia. Mimi namwita wangu haitiki. Na wewe utaitwa usiitike. Kila atakapokuita kwa lugha hii, jiulize ni nani."

Akafumba macho. Alipoyafumbua alimtafuta mama yake, akaomba maji kwa Kiarabu.

"Amekwenda?" Harub alinong'ona.

"Ametoka kwa mtoto," alijibu Mwalimu Hamdun, akikunja mkeka uliolowa. "Alikokwenda sikujui. Nyumbani kwenu mtoto asisemeshwe Kiswahili. Na akimwita bibi yake kwa Kiswahili, bibi asijibu. Hata mara moja."

"Mpaka lini?" aliuliza Bi Ghalia. Ushungi ulikuwa bado mkononi.

"Mimi sijui, dada yangu. Jibu moja tu linamtosha kurudi."

Mgongo ulipona, yakabaki mabaka meupe. Hud alirudi skuli, akanenepa, akavunja kioo cha jirani kwa mpira. Bi Ghalia alisema naye kwa Kiarabu, kigumu chake kile cha kujifunza ukubwani, maneno machache, kula, vaa, nenda na Mungu. Mtoto alikuwa hakumbuki kitu. Alichokiona ni kwamba bibi yake hamkalishi tena karibu, na hilo lilimuuma asijue amefanya nini.

Ibra ilikwisha kupoa Hud alipokuja chumbani kwa bibi yake, baada ya adhuhuri. Alikuwa amevaa dishidasha ya Ijumaa. Kumbe alikuwa akijifunza kwa siri kwenye simu ya mama yake, anasikiliza na kurudia chini ya blanketi, wiki nzima. Alisimama mbele ya kitanda, mikono nyuma, kama mtoto anayesomeshwa shairi.

"Bibi," alisema kwa Kiswahili. "Nakupenda. Zungumza na mimi."

Bi Ghalia alimtazama macho. Yalikuwa macho ya mtoto. Lakini wakati wa joto nayo yalikuwa macho ya mtoto, na mdomo ni huu huu, na saa ni hii hii. Alitafuta alama yoyote ya kumwambia ni nani, asiione, na moyo ulimuuma kwa mapenzi na kwa hofu hata hakujua kipi ni kipi.

Aligeukia ukutani.

"Bibi?" Hud aliita tena. Alisubiri. Kisha alianza kulia, kwa sauti ndogo, akatoka na kuurudishia mlango vizuri kama alivyofundishwa. Bi Ghalia alisikiliza nyayo zake mpaka chini ya ngazi, na hata zilipokwisha hakuthubutu kufungua kinywa.