Kitambaa cha Gomesi na Laptopu Mbili

Kila asubuhi ya likizo Nabwire alifagia studio, akapangusa vumbi lililotoka barabara kuu ya Iganga, kisha akasimama kando ya mama yake wakaomba. Studio ilikuwa chumba kimoja tu pale Bugembe, chenye pazia la buluu la kupigia picha za pasipoti na meza ya kompyuta. Mama yake, Roselyn, hakugusa kazi kabla ya kuomba. Baba yake Nabwire alipofariki aliwaachia kamera moja, na kwa kamera hiyo mama alikuwa amemlea binti yake miaka sita, akipiga picha na video za harusi, ubatizo na mazishi.

Jumatatu hiyo, walipomaliza kuomba, mama alifungua laptopu yao kuukuu. Feni ililia kama mashine ya kusaga mahindi, kioo kikawa cha buluu, kisha kikazima. Akaiwasha tena. Ikazima tena. Mara ya nne haikuwaka kabisa.

"Video za harusi zimepotea?" Nabwire aliuliza.

"Hazijapotea. Ziko kwenye diski ya nje. Lakini nitazikatia wapi na kuziunganishia wapi?"

Wote wawili walikuwa wakiiwaza harusi moja. Siku mbili nyuma, Jumamosi, bibi harusi mmoja alikuwa ameolewa Jinja, na babu yake, Mzee Geresom wa Mbale, hakuweza kuja kwa sababu ya ugonjwa wa moyo. Jumatatu ya wiki inayofuata alikuwa apasuliwe hospitalini. Nabifo, mama wa bibi harusi, alikuwa amemshika Roselyn mkono mlangoni pa kanisa.

"Dada yangu, baba anasema haingii chumba cha upasuaji kabla hajamwona mjukuu wake akiolewa. Niletee video Jumapili ijayo. Ikichelewa..." Hakumaliza.

"Itafika," mama alijibu. Na watu wa Bugembe walijua kwamba Roselyn akisema itafika, hufika.

Jumanne jioni mama alitoa akiba aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya laptopu mpya, akamkalisha Nabwire mezani. Kesho yake alikuwa na kazi Mafubira, kupiga picha za watoto wa chekechea wanaohitimu, na hangeweza kufika dukani kabla ya saa sita.

"Wewe uko kwenye klabu ya kompyuta shuleni," alisema. "Mzee Ghanshyam wa duka la kompyuta ananiwekea laptopu mbili. Nenda ukazijaribu. Usiangalie urembo. Chukua diski hii, fungua dakika ishirini za harusi, zikate, ziunganishe, uiambie mashine itoe video kamili. Hesabu dakika. Sikiliza feni. Gusa chini uone joto. Fanya vilevile kwa zote mbili."

Kisha akampa bahasha ndogo. Ndani yake mlikuwa na kipande cha kitambaa kipana kama kiganja, cha rangi ya damu ya mzee. Kabla ya kila harusi mama alipita kwa fundi cherehani akaomba vipande vya nguo zitakazovaliwa, akaviweka kwenye bahasha zenye tarehe.

"Hiki ni cha gomesi ya Nabifo, lile gauni refu la sherehe alilovaa harusini. Kiweke kwenye kioo, pembeni ya picha yake. Rangi zikifanana, kioo ni cha kweli. Kioo cha uongo kitanifanya nirekebishe rangi ambazo hazina kosa, na nitaharibu video nzima bila kujua."

"Nimeelewa, mama."

Duka la Mzee Ghanshyam mjini Jinja lilianza kwa cherehani, zikaja redio, sasa ni kompyuta. Ukutani palikuwa na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkono: MASHINE YA KAZI IJARIBIWE KWA KAZI. ILIYOJARIBIWA IKIUGUA NDANI YA WIKI MOJA, TUNABADILISHA. ISIYOJARIBIWA HATUBADILISHI.

"Binti wa Roselyn," mzee alisema, akishusha miwani puani. "Karibu. Hii moja, hii ya pili. Mimi naandika daftarini saa ya kuanza. Ukimaliza wewe niambie, naandika matokeo."

Laptopu ya kwanza ilikuwa nene, ya kijivu, imeshatumika, na chaja yake ilikuwa nzito. Ya pili ilikuwa nyembamba, ya rangi ya fedha, inameta kama sahani mpya.

Aminah, rafiki yake aliyemsindikiza, alicheka. "Hiyo ya kijivu ni tofali. Ukiibeba kwenda klabu watakuuliza unajenga wapi."

"Mama amesema nisiangalie urembo."

"Mama yako hasomi darasa letu."

Nabwire alianza na ile nyembamba. Aliweka diski, akafungua harusi, akakata hapa na pale, akaiamuru itoe video kamili. Mstari wa kuonyesha kazi ilipofikia ukaanza kutambaa. Dakika tano. Dakika kumi. Mstari ulikuwa haujafika hata robo.

"Nabwire, ni saa nne," Aminah alinong'ona. "Mwalimu anachagua timu ya netiboli saa nne na nusu. Asiyekuwepo hachaguliwi."

"Kuna hii, halafu kuna ile nyingine."

"Si umeona inafanya kazi? Angalia hiyo picha inavyong'aa."

Kweli ilikuwa inang'aa. Nabwire aliutazama mstari, akaitazama saa, akajiona uwanjani, kisha akajiona akiingia klabu na laptopu ya rangi ya fedha kwapani. Akaizuia mashine katikati ya kazi. Laptopu ya kijivu hakuigusa. Bahasha ya kitambaa ilibaki mfukoni mwa sketi yake.

"Tayari?" Mzee Ghanshyam aliuliza, akihudumia mteja mwingine.

"Tayari, mzee. Zote mbili nimejaribu. Hii nyembamba ndiyo nzuri."

Mzee akaandika bila kuangalia saa.

Saa sita, Nabwire akiwa amesharudi dukani kutoka uwanjani, mama alifika na vumbi la Mafubira miguuni. "Umejaribu zote?"

"Ndiyo, mama."

"Na kitambaa?"

"Ndiyo."

Mama alimtazama kidogo zaidi ya kawaida, kisha akafungua mkoba wake akalipia ile nyembamba.

Nabwire alikuwa amechaguliwa kwenye timu. Alikuwa amepewa namba na kupigiwa makofi, lakini jioni aliisukuma sahani pembeni.

Alhamisi asubuhi wakaomba, mama akaanza kazi. Kufikia saa tatu laptopu mpya ilikuwa ya moto kiasi kwamba mama aliiweka juu ya vijiti viwili ipate hewa. Kufikia saa tano picha zilikuwa zikikwama. Bwana harusi alinyanyua mguu akakaa hivyo dakika nzima. Saa saba programu ikajifunga yenyewe na kazi ya asubuhi yote ikapotea. Mama akaanza upya. Saa kumi ikajifunga tena.

"Labda ni mimi," mama alisema, akisugua macho. "Labda kuna kitu nimekosea. Wewe jana ilikuchukua dakika ngapi?"

"Kama... kama kumi na tano."

"Dakika kumi na tano. Basi kosa ni langu."

Nabwire alijifanya anapanga bahasha za picha.

Simu ikalia. Ilikuwa Nabifo kutoka Mbale. Mama aliiweka kwenye spika kwa sababu mikono yake ilikuwa na nyaya.

"Dada, samahani nakusumbua. Baba ameuliza mara tatu leo. Anauliza kama nilivaa ile gomesi. Kitambaa alikichagua yeye mwenyewe sokoni, akiwa bado anatembea. Nimemwambia asubiri ataona."

"Ataona," mama alisema. Safari hii sauti yake haikuwa na uhakika ule wa Jumamosi, na Nabwire aliisikia tofauti.

Ijumaa, mara tu duka lilipofunguliwa, walikuwa mlangoni. Mama aliweka laptopu juu ya meza akaeleza yote bila kupandisha sauti. Mzee Ghanshyam alifungua daftari, akafuata mistari kwa kidole.

"Hapa. Jumatano. Zimejaribiwa zote mbili, dakika ishirini za harusi." Akatikisa kichwa. "Basi hii mashine ni mgonjwa. Ilipita jaribio, halafu ikaugua. Sheria ni sheria, nabadilisha."

Nabwire alivuta pumzi. Kumbe mambo yangekwisha hivyo tu, bila mtu kujua.

Lakini mzee alikuwa bado anaongea, akiwa ameshika simu. "Kijana aliyeniletea mashine hii anaitwa Bruhan. Miaka mitatu hajaniletea kitu kibovu. Sasa nampigia. Namwambia asilete tena. Mtu akianza kuniletea mashine mbovu, mimi sifanyi naye biashara."

Mama naye alisema polepole, "Kweli, mtu kama huyo anaumiza watu."

Nabwire hakumjua Bruhan. Hakujua kama ana watoto au mama wa kumtunza. Alijua tu kwamba hana kosa. Mzee alikuwa tayari anatafuta namba.

"Mzee, usimpigie," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Sikuijaribu."

Watu wazima wote wawili walimgeukia.

"Hukujaribu ipi?" mama aliuliza.

"Hii niliiacha katikati. Ile ya kijivu sikuigusa. Nilikuwa nakimbilia netiboli." Akatoa bahasha mfukoni. Ilikuwa bado imefungwa. "Na kitambaa sikukitoa."

Mama hakumpiga wala hakumfokea. Alikaa kwenye kiti cha wateja kama mtu aliyetembea mbali, akaishika ile bahasha kwa mikono miwili.

"Niliomba Mungu anionyeshe kosa langu," alisema mwishowe. "Jana yote. Na wewe umesimama pale unanisikia."

Hapo ndipo Nabwire alipolia.

Mzee Ghanshyam aliweka simu chini. Alichukua kalamu, akaufuta mstari wa Jumatano kwa mstari mwingine ulionyooka. "Sasa boksi langu linasema sibadilishi," alisema.

"Umeliandika wazi," mama alijibu. "Sikuombi ulivunje."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Niliandika kwa sababu ya watu wanaosema uongo mpaka mwisho, Roselyn. Huyu amesimama nusu ya njia. Na alijua akinyamaza napata hasara mimi na Bruhan, si yeye." Akavaa miwani. "Hii ya fedha si mgonjwa. Ni mashine ya kuandikia barua. Mwalimu mmoja ataipenda. Chukua ile ya kijivu, lakini kwanza jaribio la Jumatano lifanyike leo. Na mwezi ujao binti yangu Aarti ana sherehe. Utatupigia picha bila malipo."

"Nitapiga," mama alisema. "Na huyu atabeba mifuko yangu siku nzima, hata kama ni siku ya mechi."

Nabwire aliketi mbele ya laptopu ya kijivu. Alifanya kila kitu kama alivyoagizwa, mama akiwa nyuma yake. Feni ilivuma kwa sauti moja, bila kupiga kelele. Chini palikuwa na joto la kawaida. Mstari ulitembea, na dakika ya kumi na mbili video ilikuwa kamili.

"Kitambaa," mama alisema.

Mama akamrudishia bahasha, naye akakiweka kitambaa kwenye kioo cha kila laptopu. Kwenye kioo cha laptopu ya fedha gomesi ya Nabifo ilionekana ya waridi, kama nguo iliyofuliwa mara mia. Kwenye kioo cha ile ya kijivu kitambaa na picha vilikuwa kitu kimoja. Ungehitaji kugusa kujua kipi ni nguo.

Walifanya kazi Ijumaa yote na Jumamosi. Umeme ulikatika Jumamosi mchana, wakakaa saa moja na nusu wakitazama taa ambayo haikuwaka, huku betri ikipungua. Ulirudi ikiwa imebaki asilimia saba. Mama alisema "Asante, Baba," akaendelea kukata na kuunganisha. Nabwire alihesabu dakika zote bila kuulizwa.

Jumapili alasiri, Nabwire na mama yake walipofika Mbale, Mzee Geresom alikuwa ameketi kitandani akiegemea mito mitatu. Nabifo aliweka laptopu nene juu ya stuli mbele yake. Mzee alimtazama mjukuu wake akiingia kanisani, akasikia nyimbo, akacheka kidogo bwana harusi alipojikwaa. Kisha Nabifo akatokea kwenye kioo, amesimama karibu na madhabahu.

"Simamisha hapo," mzee alisema.

Nabwire alisimamisha. Mzee Geresom alisogea mbele mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Muuzaji alinionyesha nyingi. Nikamwambia hapana, nataka hiyo iliyokolea." Akarudi kwenye mito yake, amefumba macho, anatabasamu. "Sasa kesho waje wanichukue."

Nje barazani, mama alikuwa akikunja waya wa chaja. Nabwire alimsogelea.

"Mama, kama ningenyamaza, Mzee Geresom angeona hivihivi. Mzee Ghanshyam angetubadilishia."

"Angeona. Na Bruhan angekosa kazi, na mimi ningekutuma tena kesho nikidhani nina mtu wa kuaminiwa." Mama alifunga waya kwa uzi. "Ukikagua kitu kwa niaba ya mtu, Nabwire, unamwazima macho yako. Yeye hawezi kuona unachokiona wewe. Kwa hiyo ukisema umeona, uwe umeona kweli. Na siku ukikosea, sema mapema, kabla kosa halijamwangukia asiyehusika. Mungu anasamehe. Mimi pia nimesamehe. Lakini kuaminiwa tena kutachukua muda, na huo muda utaufanyia kazi."

"Ndiyo, mama."

Mama akampa bahasha mpya, tupu, yenye tarehe ya mwezi ujao.

"Kesho upite kwa fundi anayeshona nguo ya Aarti. Uombe kipande."