Neno Lililosikika Nusu

Asubuhi ile stendi ya mabasi ilifurika kama kawaida, ila safari hii watu walikuwa wamesimama mbali, shingo juu. Mkaratusi mkubwa uliopasuliwa na upepo ulikuwa umeyainamia maduka kama mlevi aliyetafuta ukuta wa kuegemea. Wenye maduka wote walikwishatoka, isipokuwa fundi cherehani mmoja aliyekuwa akiingia na kutoka huku amekumbatia nguo. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, na futikamba imemning'inia shingoni.

Mwanamke aliyeteremka kwenye trekta alimfuata. Alikuwa na ovaroli ya kijani iliyochujuka, kofia ngumu ya njano na viatu vizito vilivyoganda matope.

"Fundi, toka. Mti hautapiga hodi."

"Kuna magauni ya harusi humu ndani. Likichafuka hata moja, bibi harusi ataniua kabla ya mti."

Badala ya kubishana naye, mwanamke aliingia, akabeba magauni mawili begani na kutoka nayo. Fundi hakuwa na la kufanya ila kumfuata.

Alipokuwa nje akabaki kutazama. Mdogo wake yule mwanamke, ambaye wafanyakazi walimwita Tumbiri, alipanda mtini kwa kamba na mikanda, akakata matawi moja baada ya jingine. Dada mtu alikaa kwenye trekta nyuma ya winchi, akivuta kamba ya chuma taratibu, hadi shina likalala barabarani bila kugusa bati hata moja. Fundi alimpelekea maji ya kunywa, akamkagua toka mabegani hadi miguuni.

"Aliyekushonea hiyo ovaroli mlikuwa na ugomvi?"

Mwanamke alicheka hadi maji yakampalia. Mambo yakaanzia hapo.

Biashara ya kukata miti aliirithi kwa baba yake, mzee ambaye mgongo ulimkatalia kazi kabla ya umri. Palikuwa na trekta mbili, tela, misumeno ya mashine na mtambo wa kusagia matawi ambao ukiwashwa, majirani walifunga madirisha. Yeye alikulia katikati ya ngurumo hizo. Baba yake aliamini kuziba masikio kazini ni uzembe, na binti alimwiga baba.

Fundi alimpigia simu kila mchana, wakati wa mapumziko.

"Dereva wangu, umekula?"

"Nimekula vumbi la mbao."

"Basi njoo jioni nikupanguse."

Walicheka mambo ya kipuuzi, wakakatiana simu kwa shida, wakapigiana tena. Kikwazo kilikuwa kimoja tu, mama yake Fundi, mjane aliyeishi na mwanawe na kumpenda kwa wivu. Alimwambia waziwazi kwamba mwanamke anayepanda trekta atampanda na mume kichwani. Dereva aliposimuliwa alitabasamu, lakini neno lilimkaa moyoni, na Fundi aliliona lilivyomkaa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Fundi hakuliona, kwa sababu lilifichwa. Lilianza na ndege. Dereva aliona kazini pamekuwa kimya siku hizi, akadhani mashine zimewafukuza. Mpaka Tumbiri aliposimama chini ya mti akalalamika kwamba ndege wa hapo wanampigia kelele. Dereva alitazama juu, akawaona wamejaa tele, midomo inafunguka na kufumbika, na yeye hasikii kitu.

Hakumwambia mtu. Katika kazi ile, masikio ya aliye chini ndiyo uhai wa aliye juu. Angewezaje kusema yamekufa? Alijifunza kutazama midomo ya watu na kucheka pale wenzake wanapocheka. Kwenye simu, ambako hakuna mdomo wa kutazama, alikamata neno hapa na pale, mengine akayajaza mwenyewe. Maneno ya wapendanao hayana mengi mapya, kwa hiyo mara nyingi alipatia.

Siku moja Tumbiri alipuliza filimbi kutoka juu, ishara ya kusimamisha winchi, kwa kuwa kamba ilikuwa imemnasa mguu. Winchi haikusimama. Akapuliza tena. Mfanyakazi mmoja ndiye aliyekimbia mbele ya trekta akipunga mikono. Tumbiri aliteremka na ngozi ya kifundo imechubuka yote, akakaa chini akihema.

"Dada, mapenzi yamekuziba masikio," alisema, na wenzake wakacheka. Dereva naye akacheka. Kisha akaenda nyuma ya tela, akajishika kinywa kwa mikono miwili.

Haukupita muda mama yake Fundi akaugua, akalazwa katika mji mwingine karibu na kwa binti yake. Fundi alifunga cherehani akaenda kumuuguza. Kila mchana alipiga simu, na kila mara Dereva aliuliza kwanza kama mama ametoka hospitali. Aliuliza kwa moyo. Alikwishajiapiza kwamba akipona tu, atakwenda kumwamkia kwa magoti na kuanza naye upya.

Simu ilipoita mara ile, mtambo ulikuwa unasaga matawi. Alikimbia hadi nyuma ya ukuta, akaibana simu kwenye sikio lenye nafuu. Sauti ya Fundi ilikuwa chini, imekauka.

"Mama ametutoka."

Yeye alisikia, "Mama ametoka."

"Mungu mkubwa," akasema kwa furaha. "Habari hiyo ndiyo niliyokuwa naisubiri siku zote."

Simu ikakatika. Alidhani ni mtandao. Akamwandikia ujumbe kwamba leo moyo wake umetulia, kisha akarudi kwenye trekta akiimba.

Hakukuwa na jibu. Alipiga, simu ikakatwa. Akapiga kesho yake na siku zilizofuata, ikakatwa vilevile. Alipita kwenye duka la stendi, akakuta kufuli. Akaanza kumkasirikia, akajiambia kwamba mama amepona, na mtoto amerudi mikononi mwa mamaye.

Siku aliyokuta mlango uko wazi, ndani hakuwamo Fundi bali dada yake, amevaa nyeusi, anakusanya vitambaa. Dereva alimsalimu na kumuuliza hali ya mama. Yule dada alivitupa vitambaa mezani.

"Una moyo wa namna gani wewe? Tumemzika. Siku ile simu ilikuwa kwenye spika, tulikuwa tumemzunguka marehemu. Wote tulikusikia ulivyofurahi."

Maneno haya hayakumpita hata moja, maana alikuwa akimtazama mdomoni. Aliomba aambiwe Fundi yuko wapi. Yuko nyumbani, dada alimjibu, lakini usiende. Alikwenda.

Fundi alimfungulia mlango kwa sababu tu hakujua ni nani anayebisha. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota ovyo, na shati limekunjamana. Hakumfukuza. Alimwonyesha kiti, akageukia dirishani akaanza kusema, na Dereva akabaki kuyaona mabega yake yakipanda na kushuka.

"Geuka," akamwambia. "Nakuomba. Sikusikii ukinipa mgongo."

"Hujawahi kutaka kusikia," alijibu Fundi akigeuka, na hilo Dereva aliliona.

Akamweleza yote: ndege, filimbi, kifundo cha mdogo wake, na neno lile moja alilolisikia nusu. Fundi alimsikiliza bila kuonyesha kama anaamini. Kisha akaingia chumba cha ndani kunawa uso, na akiwa huko akamuuliza kwa sauti kwa nini hakumwambia tangu mwanzo. Akamuuliza tena. Akamwita kwa jina la mapenzi walilopeana. Kimya. Alipotoka alimkuta ameketi vilevile, mikono mapajani, anatazama sakafu kama mtu aliye peke yake.

Fundi alipiga magoti mbele yake, akamwinua kidevu ili waonane.

"Nimekuita mara tatu," alisema.

Walilia pamoja. Lakini machozi hayarudishi mazishi. Mama alikwenda bila kujua kwamba Dereva alitaka kuanza naye upya.

Daktari wa masikio alisema mishipa ikishakufa haifufuki, na kilichobaki nacho kitaendelea kupungua. Dereva aliwakusanya wafanyakazi wote, akawaambia. Tumbiri aliinamisha kichwa, akashika kifundo chake bila kujua anafanya hivyo. Kisha akasema, "Ungeniua, dada." Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana ilimuuma zaidi. Siku hiyo hiyo Dereva alimkabidhi mtu mwingine ufunguo wa trekta. Akabaki na kazi ya kukagua miti na kupatana na wateja. Alizoea kusimama pembeni, akiweka kiganja kwenye bodi ya trekta iliyowashwa ili auhisi mngurumo wake.

Kilipokwisha kipindi cha msiba, Fundi alimpeleka kaburini kwa mama yake. Hakukuwa na watu. Fundi alisimama mbele, akainamia udongo, akazungumza kwa muda mrefu. Dereva alikuwa nyuma yake na hakusikia chochote. Angeweza kuzunguka akamtazama midomo. Hakuzunguka, yale yalikuwa ya mtoto na mamaye.

Fundi alipogeuka, macho yalikuwa mekundu.

"Umesikia?"

Akatikisa kichwa.

"Nimemweleza habari ya simu ile, yote. Halafu nikamwambia nataka kukuoa."

"Akasemaje?"

Fundi aliangalia kaburi, akamrudia yeye, akasema polepole ili lisimpite neno:

"Amenyamaza. Na unamjua mama. Angekuwa hataki, hata wewe ungemsikia."

Dereva alicheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia. Akapiga magoti kwenye udongo ule, kama alivyokuwa amejiapiza, akamwamkia mama mkwe wake.