Kipuri Namba 452

Kila siku akitoka shule, Chapuchapu alipitia dukani kwa shangazi yake. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu kila kitu alikifanya mbio: chai aliinywa ingali inatoa mvuke, kamba za viatu alizifunga huku anatembea, na hesabu alizimaliza kabla mwalimu hajageuka kutoka ubaoni. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na sidhani kama katika miaka hiyo aliwahi kutulia kwa dakika tano mfululizo.

Duka la shangazi liliuza vipuri vya cherehani, basi. Ukitaka sabuni, nenda kwingine. Ukutani kulikuwa na makabati yenye droo ndogondogo zaidi ya elfu moja, na daftari nene juu ya meza lilionyesha kila kipuri kimelala kwenye droo ipi. Fundi alikuja na kipuri kilichokufa, shangazi akasoma namba iliyogongwa kwenye chuma, kisha akaitafuta daftarini.

Tabu ni kwamba chuma hulika. Mara nyingi tarakimu za mwanzo zilisomeka, lakini za mwisho zilikuwa zimekwisha kusuguliwa miaka nenda miaka rudi. Tena daftari liliandikwa kwa kufuata siku mzigo ulipoingia, si kwa mpangilio wa namba. Shangazi alilamba kidole, akafunua kurasa, akalamba tena, na foleni ikafika mlangoni.

"Mama Spea, utatupa jibu leo au tulete vitanda?" mafundi walimtania.

"Leteni na mito," alijibu shangazi bila kuinua kichwa.

Chapuchapu alicheka pamoja nao, lakini aliona jinsi shangazi alivyofikicha macho kila jioni, na hilo halikumpendeza hata kidogo. Ndiyo maana siku mwalimu wa kompyuta alipochora mti ubaoni, alikaa wima.

"Huu ni mti wa tarakimu," mwalimu alisema. "Kutoka shinani yanatoka matawi kumi, sifuri hadi tisa. Namba yako inaanza na nne? Panda tawi la nne. Inafuata tano? Hapo ulipo, tafuta kitawi cha tano. Huna haja ya kupekua namba zote, kwa sababu kila hatua unayopanda unayaacha nyuma matawi mengine yote. Na kama unajua mwanzo tu wa namba, simama ulipofika. Vyote vilivyo juu yako ndivyo vinavyoweza kuwa jibu."

Mwanzo tu wa namba! Chapuchapu nusura apige kelele. Mwalimu aliendelea kueleza habari za alama fulani za kuweka kwenye matawi, lakini yeye alikuwa ameshainamia daftari lake, anaandika programu.

Siku nne zilimtosha. Shangazi alikuwa na kompyuta ya zamani aliyoitumia kusikilizia redio, na humo Chapuchapu akaingiza namba zote za daftari, elfu moja mia mbili na nane. Aliyemsomea namba hizo alikuwa binti ya shangazi, mtoto wa miaka minane aliyeitwa Swali, na sababu ya jina hilo utaiona sasa hivi.

"Umeijaribu?" shangazi aliuliza kazi ilipokwisha.

Chapuchapu alikuwa amejaribu namba kumi. Zote kumi zilijibu vizuri, na hakuona kwa nini ya kumi na moja igome.

"Nimejaribu zote, Shangazi."

"Zote?" Swali alidakia. "Lini? Mbona mimi sikuona?"

"Swali, nenda kacheze."

Siku ya kwanza ilikuwa kama sherehe. Fundi mmoja alileta chuma kilichosomeka 73 tu, shangazi akaandika 73, na kompyuta ikatoa namba tano pamoja na droo zake. Shangazi akalinganisha maumbo, akachagua, akamaliza. Foleni iliyeyuka. Mafundi walipiga makofi, shangazi akalifunga daftari lake na kulisukuma chini ya meza, na Chapuchapu akavimba kichwa kuliko kawaida.

Alhamisi alasiri akaja fundi mrefu, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Mkononi alishika kile kikopo kidogo cha chuma kinachobeba bobini, kigurudumu cha uzi wa chini. Kilikuwa kimepasuka, lakini namba yake ilisomeka vizuri kabisa: 452.

Shangazi akaandika. Kompyuta ikajibu kwamba kuna 4521 na 4527. Shangazi akafungua droo hizo mbili, akapima, akatikisa kichwa. Kimoja kilikuwa kikubwa mno na kingine hakikufanana hata kidogo.

"Hiki chako sina, fundi. Itabidi uende mjini kwenye duka kubwa."

Uso wa fundi ulinywea. "Huko ni siku nzima kwenda na kurudi, Mama Spea. Nina sare thelathini na sita za watoto wa chekechea. Wanaanza Jumatatu na nimeshona tisa tu. Jana mmoja kanifuata, kimo kama ndoo, ananiambia nisisahau mfuko wa kalamu." Alijaribu kucheka, akashindwa. "Basi la mwisho linaondoka saa kumi na moja. Ngoja niliwahi."

Akatoka. Shangazi akageukia mteja mwingine.

"Lakini mimi nilikusomea mia nne hamsini na mbili," Swali alisema. "Iko juu ya ukurasa wenye doa la chai. Kwa nini kompyuta haiijui?"

Chapuchapu aliinama. Alivuta daftari kutoka chini ya meza, akafunua hadi kwenye doa la chai. Namba 452 ilikuwepo, kwa mwandiko wa shangazi mwenyewe. Akaenda kwenye droo, akaifungua. Vikopo vitatu vipya vilikuwa vinang'aa ndani yake.

Angeweza kuifunga ile droo. Shangazi alikuwa ameshughulika na mteja, na Swali angeweza kuambiwa amechanganya. Hakuna ambaye angejua. Chapuchapu aliwaza hivyo, na aliona aibu papo hapo. Kisha akawaza yule mtoto mwenye kimo cha ndoo, amesimama mlangoni Jumatatu bila sare.

"Shangazi," alisema. "Kipuri cha fundi kipo. Mimi sikujaribu namba zote. Nilijaribu kumi. Nilikudanganya."

Shangazi alimtazama, akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi na mbili.

"Kimbia! Maneno baadaye!"

Kwa mara ya kwanza mbio zake zilikuwa na faida kwa mtu. Chapuchapu alipita mbele ya kinyozi, akaruka mtaro, akakata kona ya duka la viatu na kufika stendi akiwa hoi. Fundi alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi.

"Fundi! Fundi, shuka! Kipo!" Akanyoosha kiganja chenye kikopo. "Programu ilikosea. Hapana, mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe."

Fundi alikichukua, akakigeuza, akakilinganisha na kilichopasuka. Halafu akacheka kwa sauti hadi kondakta akachungulia. "Binti," alisema, "leo umeniokoa na aibu ya watu wadogo thelathini na sita." Akashuka, akaondoka karibu mbio kurudi kwenye cherehani yake.

Kesho yake mwalimu aliisoma programu akagundua kosa mara moja. "Umeiambia kwamba namba inaishia pale tawi linapoishia. Lakini 452 iko katikati ya tawi, juu yake kuna 4521 na 4527. Programu yako ikaipita tu, kama basi lisilosimama popote hadi mwisho wa safari. Nilisema tuweke alama kila mahali namba inapoishia, hata kama tawi linaendelea. Hukunisikia?"

"Sikusikia, Mwalimu. Nilikuwa nimeshaanza kuandika."

Darasa zima likaangua kicheko, naye mwenyewe akacheka. Alama ile iliingia kwa mistari miwili tu ya programu.

Jumatatu shule ilifungua milango ya chekechea saa mbili, na ilibidi watoto wapite mbele ya duka. Shangazi aliwaita wasichana wake wote wawili, waliopitia dukani kabla ya kwenda shule, watoke nje kuwatazama. Sare zilikuwa thelathini na sita, na kila mtoto aliingiza kidole kwenye mfuko wa kalamu kuhakikisha bado upo. Shangazi alicheka hadi akafuta machozi.

Jioni alikuta Chapuchapu na Swali mbele ya kompyuta, daftari limefunguliwa kati yao.

"Mmejaribu zote?"

"Bado, Shangazi. Elfu moja na mbili zimejibu sawasawa. Zimebaki mia mbili na sita."

Shangazi akavuta kiti, akakaa karibu nao. "Mwanangu, hakuna fundi asiyekosea. Hilo halikunikasirisha. Lakini uliponiambia umejaribu zote, mimi nililifunga daftari langu. Nililifunga kwa kuamini neno lako, si kwa kuamini mashine. Kama ungeniambia 'nimejaribu kumi', ningeendelea kuchungulia, na yule fundi asingetoka hapa mikono mitupu. Kwa hiyo siku zote niambie umefika wapi, hata kama hujafika mbali. Hapo ndipo mtu anaweza kufanya kazi na wewe."

"Nimekuelewa, Shangazi."

"Namba inayofuata?" Swali aliuliza. "Nisome haraka tumalize?"

"Hapana," Chapuchapu akamjibu. "Soma polepole."

Shangazi aliangusha kalamu. "Nani kasema hivyo?" aliuliza huku akimpapasa paji la uso mtoto wa kaka yake. "Ana homa huyu?"