Ufa wa Tao la Kati

Siku ya kumaliza tanga la mama yake, Gaspari ndiye aliyeshika wembe. Ukoo mzima ulinyolewa uani, wapishi wakigombania chumvi.

Kilichomsumbua si msiba, ni ufa. Gaspari alikuwa mnyapara wa gengi la reli, na daraja la zege nje ya Kintinku, lenye matao ya enzi za Mjerumani, treni zikiwa bado zinapita juu yake, lilikuwa limepasuka tao la kati. Saruji ilikataa kushika. Gengi lilikuwa na dawa yake, ingawa Jumapili wote ni waumini: unatia manyoya ya mbuzi ndani ya ufa. Ufa unaziba, mbuzi aliyenyolewa anakufa zizini bila jeraha. Mwaka huu mbuzi walikufa, ufa ukabaki. Wakaguzi walikuwa njiani, na Gaspari alikipenda cheo chake.

Baba yake, Mzee Mazengo, alikuwa kipofu na mlaji mzuri. Gaspari alijiambia kutumia nywele zake ni huruma. Mtu akitaka kuua hakosi neno tamu.

"Inama kidogo, baba."

"Nyoa taratibu. Kichwa bado nakitumia."

Watu wakacheka. Witness, binti wa pekee wa Gaspari, alikuwa miguuni pa babu yake, keshanyolewa, akijipapasa upara. Alipomaliza, Gaspari akainama kuokota nywele nyeupe.

"Ziache," mzee akasema. "Nywele za mtu huokotwa na mwenyewe." Akapapasa vumbi, akazifunga kwenye kitambaa. "Haya. Kanifukie."

Gaspari hakukifungua. Jua la mchana likiwa utosini, alikisokomeza ndani ya ufa, akapaka saruji. Ikashika.

Akaweka kiganja. Zege lilikuwa vuguvugu. Laini kidogo, kama utosi.

Njiani akasikia vilio. Akaandaa uso wa yatima.

Mzee Mazengo alikuwa ukumbini, anakula.

Ndani, mkewe Damari alikuwa sakafuni amempakata Witness. Mtoto hakuwa na jeraha.

Gaspari akarudi ukumbini.

"Baba. Umefanya nini?"

"Nilikuwa gengi kabla hujazaliwa," mzee akanong'ona. "Mwana hamnyoi baba kwa upole ule bure. Za kwangu niliweka juu. Za kwake ndani." Akamega ugali. "Daraja halitaki mzee akiwapo mtoto. Sasa piga kelele. Waambie ulikusudia nani."

Gaspari akamwongezea mboga.

Wakaguzi walilisifu daraja. Treni zinapita mpaka leo, na mzee bado anaomba kuongezewa mboga.

Ila pale kwenye ufa zimeota nywele. Nyeusi, laini. Gaspari huzikata kwa wembe ule ule kabla gengi halijafika. Akirudi, zimeota tena.

Nazo zimesukwa, nyembamba, kuanzia kisogoni, kama Damari alivyokuwa akimsuka Witness.

Damari hajawahi kufika darajani. Lakini siku hizi huamka na saruji kwenye kucha.