Wasioitwa na Mama Zao

Mtoto wa miaka mitatu, homa imemkamata tangu jana, halafu kinywa chake kinanuka udi. Udi, jamani! Na nyumba nzima hakuna aliyeuchoma.

Hansatu, mama yake, aliisikia harufu hiyo akiwa mlangoni, akasita kuingia. Kwa Wahausa wa Daura, mwanamke mwenye haya zake hampakati kifungua mimba wake mbele za watu, wala jina lake halitamki. Humwita "yule" tu. Bibi ndiye mlezi.

"Inna, yule vipi?" akamnong'oneza mama mkwe wake.

"Nyamaza usikie," alisema Inna Dije. "Kuna anayekwaruza ukuta kwa kucha. Na mikono ya mtoto hii hapa, nimeishika mimi."

Hansatu akakimbilia chumbani kwake, akaanguka kifudifudi mkekani. "Ee Mola, mponye yule! Nichukue mimi, umwache yule!" Alilia mpaka sauti ikamkauka. Kucha zikazidi kukwaruza.

Malam Sagiru, mwalimu wa Kurani, alipofika alimnywesha mtoto kombe, maji yaliyooshewa aya. Mtoto akalitema, akacheka kicheko cha mtu mzima.

"Huyu hana mama," ikasema sauti nzito kifuani mwake. "Nimesikiliza miaka yote, sijasikia mama akimwita. Nimemwokota, ni wangu."

Malam akamgeukia Hansatu, aliyekuwa amerudi na kusimama pembeni. "Mwombee Mungu kwa jina lake."

"Mungu si anamjua, Malam? Baba mkwe yupo hapo..."

"Mungu anamjua. Huyu mwizi ndiye anayejifanya hamjui. Mtaje!"

Hansatu akatazama mlangoni, ambako majirani walikuwa wamejazana, akamwona baba mkwe ameinamisha kichwa, akahisi uso unamwaka na ulimi umekuwa mzito, na huku macho ya mtoto yamegeuka meupe, pumzi inakatika, udi umejaa chumba hadi watu wanakohoa, akamrukia, akampakata kifuani, akapiga ukelele: "Ee Mola, nirudishie Bilyaminu! Bilyaminu wangu! Nimemzaa mimi!"

"Makubwa! Haya zimemwisha," wakamcheka akina mama vijana mlangoni.

Mtoto akapiga chafya. "Mama," akasema kwa sauti yake mwenyewe. Hansatu akaangua kilio cha furaha, hajali tena nani anamtazama.

Ile sauti nzito sasa ikatokea uani. "Chukua wako. Mtaa huu wasioitwa ni wengi."

Kicheko kikakatika. Wale akina mama wakatazamana, kisha mbio, kila mmoja kwake, wakipaza njiani majina ambayo hawajayatamka tangu wazae.

"Ee Mola, Sanusi wangu!"

"Habibu! Ee Mola, Habibu!"

"Lubabatu! Mwanangu Lubabatu!"

Sanusi akaitika. Habibu akaitika, analia.

Mama yake Lubabatu akaendelea kuita.