Kiboko wa Ziwa Amesema

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, wanafunzi wa darasa la sita katika shule moja ya Ujiji walimzonga Yusra kama nzi kwenye dagaa. Walitaka katuni. Yusra, binti wa Faridi fundi cherehani, alikuwa na mkono mwepesi wa kuchora. Alikata mifuko mitupu ya saruji, akamchora Kiboko wa Ziwa, shujaa wa kifua kipana aliyetoka majini kuwakamata wezi wa nyavu. Rangi alizitia Astérie, mwenzake wa dawati, kwa mkaa na majani yaliyopondwa. Astérie alikuwa Mrundi. Vita vilimfukuza kwao pamoja na shangazi yake, wakapanga chumba mtaa wa Bangwe.

Mwaka ule visa vya wezi wa nyavu vilimwishia Yusra. Jioni, akishona vifungo kibarazani kwa baba yake, mtaa wa Mwanga, aliwasikia wateja wakinung'unika kwamba wakimbizi wamepandisha bei ya unga, wameleta kipindupindu, na heri warudi kwao. Baba aliitikia tu huku akikanyaga cherehani. Basi Yusra akampa Kiboko imani mpya. Shujaa akasimama ufukweni, mkono mbele, akanguruma: "Nchi ina wenyewe. Aliyekuja kwa maji arudi kwa maji." Ukurasa ule hakumpa Astérie autie rangi, na moyoni alijua sababu.

Darasa lilishangilia. Mchana wakaanza kucheza Kiboko bombani: kila aliyetaka maji aliulizwa kwao ni wapi. Wa kwanza kuzuiwa alikuwa Telesphory, Muha wa kijiji cha Mwamgongo, maana Kiha na Kirundi ni lugha za karibu na wenye haraka hawakutofautisha. Alilia, akaapa kwa jina la mama yake, wakamwachia. Astérie hakuapa. Walimwaga maji yake, wakamwimbia maneno ya Kiboko mpaka akaokota ndoo yake na kwenda zake. Yusra alikuwa palepale, akitazama. Aibu ile ilimla usiku na mchana.

Astérie hakurudi shule. Telesphory ndiye aliyeleta habari kwamba shangazi wa Astérie amekwisha kuomba nafasi kwenye lori la kwenda kambi ya wakimbizi. Hapo Yusra alishindwa kuvumilia, akampelekea baba yake ule ukurasa na kumweleza yote. Baba aliusoma, mguu ukatulia juu ya cherehani.

"Maneno haya nayajua," alisema polepole. "Ni ya kibarazani kwangu. Wewe umeyavalisha misuli tu."

Wakaenda Bangwe. Ntakarutimana, shangazi yake Astérie, alikuwa akifunga godoro kwa kamba. Yusra alimwamkia shikamoo. Marahaba ilichelewa kuja. Baba, mtu mzima na ndevu zake, ndiye aliyetangulia kuomba radhi. Mama yule alimsikiliza, kisha akamgeukia Yusra.

"Huyo shujaa wako, mwanangu, leo anaamini nini?"

Machozi yalimtoka Yusra. "Haamini kitu, mama. Ni mimi niliyeamini."

Astérie alikuwa amekaa juu ya mzigo, uso ukutani. Shangazi yake alimtazama. "Hata kwetu," alisema, "vita vilianza kwa nyimbo."

Baba aliahidi kumpeleka Astérie shuleni yeye mwenyewe, na kukiri kosa lake mbele ya watoto wote. Baada ya kusita sana, Ntakarutimana akafungua kamba ya godoro.

Kesho yake Faridi alisimama mbele ya darasa, kofia mkononi.

"Mwenye nguvu akimfukuza aliyekimbia kifo, huyo si shujaa, ni mwonevu," alisema. "Sisi wakubwa tulilinena neno baya, binti yangu akalichora, nanyi mkalitenda. Pimeni maneno mnayoyasikia, hata yakitoka kwetu."

Yusra alitubu mbele ya wote. Astérie aliitikia kwa kichwa, akalipita dawati lao, akaenda kukaa la nyuma, peke yake.